Tupeane uzoefu: si kila "kama" ni tashbihi. Mnazitambuaje tamathali za semi, yaani maneno yanayotumiwa kwa maana iliyofichika au ya kupamba usemi?

Mwanzisha mada
Wadau, salaam. Wanafunzi wengi wamekariri kwamba tashbihi ni sentensi yenye "kama", "mithili ya" au "ja", basi kila wakiona "kama" wanapiga mstari. "Kama atakuja, mwambie anisubiri" ni sharti. "Walifika watu kama 20" ni makadirio. "Asha ni mrefu kama dada yake" ni ulinganishi kweli, ila tamathali haimo: wote wawili ni watu, na urefu wao unapimika kwa futi. Sema "Asha ni mrefu kama mnazi" ndipo tashbihi inapoingia, maana umetoka kwa mtu ukaenda kwenye mti.

Maswali matatu husaidia: nini kinafananishwa, na nini, na kwa sifa ipi? La tatu ndilo linaloangusha wengi. Nyie mnafundishaje?

Mdau wa 2
Hilo la tatu ni zito zaidi kwenye sitiari, yaani kufananisha bila kutumia "kama", kwa sababu "kama" ikiondoka, mara nyingi sifa nayo haitajwi. "Juma ni simba." Kwa lipi, ushujaa au ukali? Jibu litafutwe katika sentensi za jirani. Kama Juma ni golikipa aliyepangua penalti mbili, ni ushujaa. Kama ni baba ambaye watoto wakisikia kikohozi chake hukimbilia uani, ni ukali. Kwenye mtihani usiishie "hii ni sitiari". Andika "Juma amefananishwa na simba kwa ukali wake". Anayesoma vitabu vya Kenya asishtuke akikuta sitiari ikiitwa istiara au jazanda.

Halafu kuna sitiari zilizochakaa: shingo ya chupa, meno ya msumeno. Hayo ni majina tu siku hizi, usiyahesabu kuwa ufundi wa mshairi. Lakini akiandika "meno ya msumeno yalitafuna mninga usiku kucha", kitenzi "tafuna" kimeyafufua meno. Hapo mpe haki yake.

Mdau wa 3
Kwenye tashihisi, yaani kukipa kisicho mtu sifa au matendo ya mtu, tazameni upatanisho wa kisarufi. "Njaa iliwabishia hodi": tendo ni la mtu, kiambishi kimebaki cha njaa. Ila kwenye ngano utakuta "Shoka akajibu". Shoka limepandishwa hadi ngeli ya A-WA, ile ya watu na wanyama, kwa makusudi, na hiyo ndiyo alama ya wazi kwamba limepewa utu. Kumsahihisha mtoto aandike "likajibu" ni kumwonea.

Mdau wa 4
Mimi niseme nahau, maana ndizo zinazowatesa wageni wa lugha. Nahau hukubali kubadilika kwa nafsi na wakati (nimepiga moyo konde, watapiga moyo konde), tofauti na methali inayosimama ilivyo. Lakini ukigusa maneno yake, inavunjika. "Amekula chumvi nyingi" ni mtu aliyeishi miaka mingi. Ondoa "nyingi", amekula chumvi ya jikoni. "Amevunja ungo" ni msichana aliyebaleghe. Ongeza "ule wa bibi", basi ni ungo wa kupepetea na bibi anataka mwingine. Kwa hiyo nahau ijifunzwe nzima, ndani ya sentensi, si kwa orodha ya maana. Mtu akishika tu kwamba "mkono wa birika" ni uchoyo, ataandika "yeye ni mkono wa birika". Tunasema "ana mkono wa birika".

Mdau wa 5
Tafsida, yaani kutumia neno la adabu badala ya lile kali au la aibu, isisahaulike. Hiyo inategemea nani anasikia. Mbuzi ana mimba. Mwanamke, mbele ya wakwe, ni mjamzito. Mzee wa Kiislamu akifa, "ametangulia mbele ya haki" inakaa vizuri msibani. Tena tafsida huchakaa: "choo" ni mahali na ni uchafu wenyewe, ndiyo maana mgeni akiona haya huuliza msalani au maliwatoni ni wapi.