Mtwara tupiganie jeti, au tupiganie pangaboi zije mara nyingi?

Mwanzisha mada:
Wakuu wa Kusini, salaam. Kila ikizuka hoja ya usafiri wa anga huku kwetu, sauti inayosikika zaidi ni ile inayosema: uwanja wa Mtwara umeshapanuliwa, barabara ya kurukia imefika mita 2,800, basi pangaboi, yaani ndege za propela, zipelekwe kwingine, sisi tuletewe jeti. Naelewa hoja hiyo inatoka wapi. Kusini tumesubiri mengi, na mtu aliyesubiri sana hataki kupewa kinachoonekana cha daraja la pili. Lakini kwa safari ya Dar hadi Mtwara mimi nasimama na pangaboi.

Kwanza tuondoe dhana kwamba pangaboi ni teknolojia ya kizamani. Dash 8 Q400 za Air Tanzania zina injini za PW150A, na hizo ni tabini za gesi kama zilivyo za jeti: zinavuta hewa, zinaibana, zinachoma mafuta yale yale, na gesi ya moto inazungusha tabini. Tofauti ni kwamba hapa karibu nguvu yote inapitia kwenye gia na kwenda kuzungusha propela ya mapanga sita yenye kipenyo cha mita 4.1.

Ukubwa huo wa propela ndio kiini cha mada. Ndege inasonga mbele kwa kusukuma hewa nyuma. Unaweza kusukuma hewa nyingi polepole, au hewa kidogo kwa kasi kubwa. Ukichukua nusu ya hewa na kuiongezea kasi mara mbili, msukumo unabaki ule ule, lakini nishati unayoiacha hewani inakuwa mara mbili, kwa sababu nishati inakua kwa mraba wa kasi. Mvuvi wa Mikindani anaijua kanuni hii mikononi mwake: kasia pana linapeleka mtumbwi, fimbo nyembamba inamchosha tu.

Sasa hesabu ya muda. Dar hadi Mtwara kwa anga ni kama kilomita 400. Q400 inaweza kwenda kilomita 667 kwa saa, jeti ya Airbus A220 kama 829. Hata tukijifanya kwamba zote zinakwenda kwa kasi hiyo tangu gurudumu linapoacha lami, moja inachukua dakika 36 na nyingine 29. Dakika saba! Na kwa safari fupi hivi, sehemu kubwa ya muda ni kupanda na kushuka, kwa hiyo jeti haipati nafasi ya kutosha kutumia kasi yake.

Nauliza: nani anataka dakika saba badala ya pangaboi ndogo inayoweza kuja asubuhi na jioni? Karibuni.

Mtu wa Chikongola:
Mkuu, umeeleza vizuri lakini umeruka jambo. Q400 ina viti 76, A220-300 ina viti 132. Rubani ni wawili huku na wawili kule. Ukigawa gharama kwa kiti, jeti iliyojaa haiko mbali kama unavyotuaminisha. Tena Q400 zenyewe kiwanda kilisimamisha uzalishaji. Tunajengaje mpango wa miaka ishirini juu ya ndege isiyotengenezwa?

Mwanzisha mada:
Kaka, neno lako zito ni "iliyojaa". Msimu wa korosho ndege inajaa, sikatai. Je, Machi? Jeti isiyojaa haitaongezewa safari, itapunguziwa. Chukua mfano tu: jeti tatu kwa wiki ni viti 396, Q400 sita kwa wiki ni viti 456. Viti vimezidi, na siku za kuchagua zimekuwa mara mbili. Kuhusu kiwanda, uko sahihi kwa Q400. Lakini pangaboi si Q400 peke yake. ATR bado zinatengenezwa Ufaransa, na Precision Air wamezitumia nchini kwa miaka mingi.

Fundi ndege, Dar:
Niingie kidogo, maana haya ndiyo maisha yangu. Mleta mada uko sawa kwenye fizikia, ila umemlinganisha pangaboi wa leo na jeti wa jana. Injini ya A220, familia ya PW1500G, ina feni ya kipenyo cha mita 1.85 inayozungushwa kupitia gia, na kwa kila sehemu moja ya hewa inayopita kwenye kiini cha injini, sehemu kama 12 zinapita pembeni bila kuchomwa. Hiyo nayo ni kusukuma hewa nyingi polepole. Wabunifu wa jeti wamekuwa wakisogea kuelekea kanuni unayoisifia.

Na usiwafiche wenzako kwa nini propela haikushinda dunia nzima. Ncha ya panga inabeba kasi mbili kwa pamoja, ya kuzunguka na ya ndege kwenda mbele. Q400 ikiwa angani propela inazunguka mara 850 kwa dakika. Piga hesabu, ncha inazunguka kwa mita 183 kwa sekunde, ndege inakwenda mita 185, na kwa kuwa kasi hizo mbili ziko kwenye pembe mraba, jumla yake ni kama 260. Huko juu sauti yenyewe inakwenda kama mita 310. Ukiikaribia zaidi kasi hiyo ya sauti, hewa kwenye ncha inaanza kufanya mawimbi ya mshtuko, ukinzani unapanda ghafla na kelele inakuwa ya kutisha. Ndiyo maana ya kuificha feni ndani ya mfuniko.

Mwanzisha mada:
Fundi, asante sana, na hili la ncha nalichukua lilivyo. Hata hivyo ukilinganisha maeneo ya duara, mita 4.1 dhidi ya 1.85, propela inafagia eneo karibu mara tano ya feni. Jeti imekaribia lakini haijafika. Kwa Dar hadi Johannesburg ningekuwa upande wako bila kusita. Kwa kilomita 400, hapana. Kingine wewe mwenyewe unakijua: injini huchakaa zaidi kwa idadi ya miruko kuliko kwa urefu wa safari. Mwaka 2022 Air Tanzania walitangaza kuegesha baadhi ya A220 kwa matatizo ya injini. Jeti chache tulizonazo tuzichoshe kwa miruko ya saa moja?

Dada wa Mitengo:
Mimi sijui gia wala feni. Nataka kusema la hofu. Tangu ile ATR ianguke ziwani Bukoba, Novemba 6, 2022, watu 19 wakafa, mama yangu hapandi pangaboi. Anasema bora basi. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara kukatika Somanga, hata hilo basi halikuwepo. Mnamwambia nini mtu kama yeye?

Mwanzisha mada:
Dada, pole, na hofu ya mama ni ya kuheshimiwa. Ndege ile ilikuwa inakaribia kutua katika hali mbaya ya hewa, na hali kama hiyo ni hatari kwa rubani yeyote, wa jeti au wa propela. Jeti inaweza kuruka juu ya mawingu njiani, hiyo ni kweli, lakini kutua lazima ipite kwenye mawingu yale yale. Kitu ambacho kingemsaidia mama ni vifaa vizuri vya kuongoza ndege uwanjani na rubani asiyeona aibu kurudi Dar. Hayo tuyadai kwa nguvu zote. Na ulivyoitaja Somanga umegusa hoja yangu: barabara ikikatika na mgonjwa anasubiri kwenda Muhimbili, anahitaji ndege ya leo, si ya keshokutwa.

Mtu wa Kikwetu:
Sisi Lindi je? Mnagombana Mtwara kana kwamba Kusini inaishia hapo.

Mwanzisha mada:
Mzee wangu, nyinyi ndio mnaoipa pangaboi ushindi. Propela kubwa ina msukumo mwingi ndege ikiwa bado taratibu, na upepo wake unapita juu ya bawa na kuongeza nguvu ya kunyanyua hata kabla ndege haijashika kasi. Ikitua, mapanga yanageuzwa pembe yavute nyuma. Kwa hiyo inatosheka na barabara fupi. Ndege moja inaweza kutoka Dar, itue Kikwetu, uwanja wenu wa Lindi, imalizie Mtwara. Siku Nachingwea au Masasi wakihitaji, inafika pia. Tukishikilia jeti tu, tumechagua Mtwara peke yake.

Mtu wa Chikongola:
Hapo kwa Lindi umenipata. Kwa msimu wa korosho bado nataka jeti, Oktoba hadi Desemba.

Mwanzisha mada:
Oktoba hadi Desemba nakubali, kaka, mradi iongezwe juu ya pangaboi na isizifute. Basi tukiandika barua kwa wabunge wetu tuiandike hivyo: pangaboi kila siku asubuhi na jioni, Lindi ikiwemo, jeti ya nyongeza msimu wa korosho. Anayepinga kifungu chochote alete hesabu yake hapa kabla hatujaituma.