Mrejesho: HP 3478A na Rigol kwenye kompyuta moja

Wakuu, niliuliza namna ya kuunganisha multimita yangu ya zamani, HP 3478A yenye GPIB tu (njia ya zamani ya kuunganisha vifaa vya kupimia na kompyuta), pamoja na osiloskopu ya Rigol DS1054Z kwenye kompyuta moja. Imekubali!

Aliyenishauri AR488, ubarikiwe sana. Ni programu huria unayoipakia kwenye Arduino Nano, kibao kidogo cha kielektroniki, ili kiwe daraja kati ya kompyuta na GPIB, kisha unachomelea nyaya hadi plagi ya GPIB ya pini 24. Rigol imeingia kwa kebo ya mtandao, lango 5555. Skripti moja ya Python inasoma zote mbili.

Kwa atakayefuata: 3478A ni ya kabla ya SCPI (lugha sanifu ya amri za vifaa vya kupimia, ya 1990), hivyo ukituma *IDN?, amri ya kuuliza jina la kifaa, haitajitambulisha. Inaelewa herufi zake fupi, F1 kwa volti za DC, F3 kwa ukinzani.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba kupitia waya huohuo nimenakili data za kalibresheni, yaani namba ambazo multimita hutumia kusahihisha vipimo vyake. Zinakaa kwenye RAM inayotegemea betri ya lithiamu iliyo ndani. Betri ikifa, zimekwenda. Mwenye mashine hii anakili hizo kwanza, mengine yatafuata. Nakala ninayo, sasa nabadilisha betri bila presha.