Nawafundishaje wenzangu utafiti bila kuwatisha?

Nesi wa Faza
Assalamu alaykum wenzangu. Mimi ni nesi kisiwani Pate, Lamu, upande wa Faza. Nilipata bahati ya kusomea mbinu za utafiti, na sasa wadogo zangu wawili kazini, nesi mmoja na mhudumu wa afya ya jamii, wamenijia wenyewe. Wanataka kujua kwa nini akina mama wetu huanza kliniki mimba ikiwa kubwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linahimiza mjamzito aonane na mhudumu mara nane, mara ya kwanza kabla wiki 12 hazijapita. Kwetu anayekuja mapema hivyo ni wa kuhesabu.

Nilikosea, nikaanza na somo. Nikawaletea yote niliyofundishwa: sampuli, nadharia tete (dhana ya kujaribiwa), vigeu (mambo yanayobadilika na kupimwa). Nesi aliandika kila neno, na wiki ya pili akaniambia, "Dada, mimi labda si wa mambo haya." Mhudumu hakuonekana siku kumi, kumbe akiniona sokoni anageuza njia. Iliniuma sana, maana hawa ndio wanaowajua mama hao kwa mlango na kwa ukoo. Aliyenifundisha mimi yuko Mombasa, na mtandao huku unashika na kukata. Nianzie wapi upya?

Mstaafu wa Malindi
Waalaykum salaam mwanangu. Nimekuwa afisa wa kliniki miaka thelathini na kitu, na vijana kadhaa nimewashika mkono huku bara ya Malindi. Yaweke kando maneno hayo. Fungua rejista ya kliniki ya wajawazito, ile MOH 405, mkae watatu meza moja na rula. Someni kurasa kumi, safu moja tu: wiki za mimba siku mama alipokuja mara ya kwanza. Usiwaambie mnatafuta nini.

Nilifanya hivyo na nesi mmoja kule Marafa. Akaweka rula chini ya mstari, akashuka nayo taratibu, kisha akasita. "Mbona karibu wote ni 16, 20, 24?" Mimba haziji kwa nne nne, mwanangu. Mama alisema "miezi mitano", aliyeshika kalamu akazidisha kwa nne, akaandika 20. Na nusu ya mistari ile ilikuwa mwandiko wake mwenyewe; alilitambua hilo kabla sijafungua mdomo. Swali likageuka pale pale: kabla ya kuuliza kwa nini wanachelewa, tumejuaje kama wamechelewa, na kwa wiki ngapi? Hilo lilikuwa swali lake, si langu. Vigeu nilimfundisha baadaye, akavielewa asubuhi moja.

Kusoma rejista ili kuirekebisha kazi yenu ni sehemu ya kazi. Mkitaka kuufanya utafiti wa kuchapishwa, tafuteni kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya kaunti kabla ya kukusanya chochote. Na mtu asipige picha kurasa akazituma kwa simu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na kisiwani kufuta jina hakutoshi. Ukiandika "miaka 41, mimba ya tisa, Siyu", umeshamtaja.

Mhudumu, Kizingitini
Dada, nasema kwa niaba ya huyo anayekukwepa. Sisi tumezoea kutumwa tukusanye, karatasi zikapanda boti zisirudi. Niliwahi kuzunguka nyumba 60 kwa ajili ya wageni, mchana wa Ramadhani. Mpaka leo akina mama huniuliza, "Majibu yetu yako wapi?" na sina la kuwaambia. Mweleze mapema jina lake litakaa wapi kwenye andiko.

Tena mwulize yeye tarehe huulizwa vipi. Mama ukimwuliza hedhi ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi, atakutazama tu. Mwulize ilikuwa kabla ya Maulidi au baada, Mfunguo Sita, mwezi wenyewe wa Maulidi, ulikuwa umeandama au bado. Hapo atakusogeza karibu na siku yenyewe.

Nesi wa Faza
Mungu awalipe. Jana alasiri nilimfuata mhudumu kwake nikamtaka radhi. Nilipomtajia habari ya Maulidi, aliinuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lililokunjika pembe. Ameandika mama 14, kila mmoja na mwezi wake: Mfunguo Nane, Rajabu, Shaabani. "Nilidhani haya si ya kliniki," akaniambia. Nilikaa naye mpaka adhana ya Magharibi.

Jumamosi tunafungua rejista sote watatu. Mzee wangu, mama akiwa na wiki hizi kwenye daftari na nyingine kwenye rejista, tuamini ipi?

Mstaafu wa Malindi
Msiamini yoyote kwanza. Ziandikeni zote mbili sambamba, na pembeni muandike nani aliuliza na aliulizaje. Aanze yeye mwenye daftari kusoma, nyinyi mfuate. Mkimaliza, daftari hilo lifungieni kabatini pamoja na rejista.