Baiolojia ya kidato cha sita: nasoma leo, kesho nimesahau. Nisaidieni kabla ya Mei

Dagaa_Kibirizi
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma, narudia mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, kombi PCB. Mara ya kwanza Fizikia na Kemia zilinibeba, Baiolojia ikaniangusha. Mchana namsaidia mama kuanika dagaa Kibirizi, usiku nasoma. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaingii ziwani, ndipo napata kushika daftari kutwa nzima.

Shida si uvivu. Notisi za respiresheni nimezirudia mara nne, nimepiga mistari hadi karatasi zinatoboka. Nikifunga daftari ukurasa nauona kichwani na rangi zake zote, ila ukiniuliza oksijeni inaingia hatua gani, natoa macho. Jenetiksi ndiyo usiseme. Nyie mlisomaje? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Reli
Ongeza migebuka kwenye ugali, akili itafunguka yenyewe.

Ticha_Tabora
Mdogo wangu, unasoma kwa macho. Nafundisha somo hili, na ugonjwa huo nauona kila mwaka kwa wenye madaftari mazuri kuliko wote.

Chukua karatasi tupu, chora seli na mitokondria moja kubwa, kisha ifuate glukosi hatua kwa hatua bila kuchungulia. Glaikolisisi, yaani glukosi kuvunjwa kuwa pairuveti, iko nje, kwenye saitoplazimu, faida yake ATP 2 (ATP ndiyo sarafu ya nishati ya seli). Pairuveti inaingia ndani, mzunguko wa Krebs unazunguka kwenye matriksi. Mnyororo wa elektroni uko kwenye utando wa ndani, na hapo mwisho kabisa ndipo oksijeni inapokea elektroni na kuwa maji. Ukikwama, fungua daftari, soma palepale ulipokwama tu, funga, chora upya.

Kisha nijibu hili: Krebs haigusi oksijeni, mbona oksijeni ikikosekana nayo inasimama?

Kombi_CBG
Ticha samahani, kitabu changu kinasema jumla kwa glukosi moja ni ATP 38, cha rafiki yangu 32. Nani muongo?

Ticha_Tabora
Hakuna muongo. Zamani NADH moja (NAD iliyobeba hidrojeni) ilihesabiwa ATP 3 na FADH2, mbebaji mwingine, ikahesabiwa 2. Vitabu vipya vinahesabu 2.5 na 1.5. Piga mwenyewe: NADH 10, FADH2 2, na ATP 4 za moja kwa moja. Unayejua hesabu ilikotoka hutishwi na namba yoyote.

Bibi_Shamba
Dada, jenetiksi iko nyuma ya nyumba yenu. Mchikichi wa dura una mise (kokwa za chikichi) yenye ganda nene, pisifera haina ganda na mara nyingi haizai. Ukichanganya hizo mbili, watoto wote wanakuwa tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mawese mengi. Ndiyo mbegu tunayohimizwa kupanda hapa Kigoma. Yaani jeni moja haimfuniki mwenzake kabisa, wanakutana katikati.

Sasa mkulima mwenye shamba la tenera tupu aliokota mise za shambani kwake akaotesha, akidhani amekwepa gharama ya miche. Chora mraba wa Punnett, lile jedwali la kuchanganya jeni za wazazi, utuambie alivuna nini.

Ticha_Tabora
Huo mfano nauiba. Mimi natumia nyuki, Tabora hatuna shida nao: dume anatoka kwenye yai lisilorutubishwa, ana kromosomu 16, malkia na vibarua wana 32. Anayeelewa kwa nini mbegu za dume zinabaki na 16, meiosisi, mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu kuwa nusu, haitamsumbua.

Daktari_Mtarajiwa
Nyongeza ndogo. Elewa kwa Kiswahili, lakini majibu yazoeze kwa Kiingereza kuanzia sasa. Mimi nilielewa vizuri sana, nikaishiwa maneno ndani ya chumba cha mtihani. Na pepa za nyuma za NECTA, jibu kwanza ndipo utafute majibu.

Dagaa_Kibirizi
Nimerudi. Robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Yaani miche minne, mmoja mzigo, mwingine pambo! Nimemwonyesha mama, kasema huyo mkulima anamfahamu.

Swali la Ticha limenichukua siku mbili. NAD ni kama makuli wa bandarini: wote wameshabeba hidrojeni, na pa kutua mzigo hakuna kwa sababu oksijeni haipo mwisho wa foleni. Krebs inakosa NAD mtupu wa kumpakia. Nimepata?

Ticha_Tabora
Umepata. Sasa niambie glaikolisisi yenyewe inaendeleaje bila oksijeni.

Dagaa_Kibirizi
Ticha jamani! Boti zimeanza kutoka leo, nitajibu nikimaliza kuanika.