Ushauri: nina albamu ya postikadi za kale za Minneapolis, niiuze yote au moja moja?

Theluji_Nyingi:
Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni. Niko Minneapolis, Marekani, naomba ushauri kwa wanaojua vitu vya kale. Nina albamu ya postikadi za mji huu, karibu zote za majengo: City Hall yenye mnara wa saa, West Hotel, Foshay Tower, na lile Metropolitan Building lililobomolewa. Kuna mnunuzi anaitaka yote kwa mkupuo. Mtu mwingine ananiambia nikiuza moja moja nitapata zaidi. Usingizi sipati, maana ada ya mwanangu huko Morogoro inakaribia. Niuzeje?

Mwalimu_wa_Stempu:
Dada, kabla ya bei, geuza kila kadi. Posta ya Marekani iliruhusu ujumbe na anwani vikae upande mmoja kuanzia tarehe 1 Machi 1907. Kabla ya hapo nyuma palikuwa pa anwani tu, ndiyo maana utaona watu wamebananisha maneno kandokando ya picha. Ukigusa ukakuta uso una vimistari kama kitambaa, hizo ni za miaka ya 1930 na 1940. Ikiwa mchapishaji ni Curt Teich wa Chicago, tafuta namba ndogo: A ni miaka ya 1930, B ya 1940, na tarakimu inayotangulia inakupa mwaka wenyewe. 5A ni 1935.

Kuhusu bei, majengo mashuhuri yasikupe matumaini makubwa. Kadi za City Hall zilichapwa kwa wingi mno, kila mgeni alituma kwao, kwa hiyo nyingi zinauzwa dola chache tu. Wakusanyaji wanalipa vizuri kwa picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha: duka dogo na mwenyewe amesimama mlangoni, moto, mafuriko. Lakini kama unayo Metropolitan kwa ndani, ule uwazi wa katikati wenye roshani za chuma na sakafu za vioo, usiiachie haraka. Jengo lilisimama tangu 1890, wakaanza kulivunja mwishoni mwa 1961, na watu wa mji ule wanalililia mpaka leo.

Bwana_Shamba:
Uza zote, tuma hela nyumbani, nunua kiwanja. Karatasi haizai.

Mtoto_wa_Malindi:
Bwana Shamba usiseme hivyo. Kwetu Unguja marehemu babu alikuwa na sanduku la postikadi za Gomes na za Coutinho, wapiga picha wa zamani wa Unguja, zenye Forodhani na Beit al-Ajaib. Amu yangu akampa mtalii kwa bei ya chakula cha mchana. Mwaka 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka, sote tukawa tunaulizana zile picha ziko wapi. Mpaka leo mama akilitaja lile sanduku anatokwa na machozi.

Nesi_Mstaafu:
Pole, Mtoto wa Malindi. Lakini mleta uzi, mbona husemi albamu umeipataje?

Theluji_Nyingi:
Nilipewa.

Nesi_Mstaafu:
Na nani?

Theluji_Nyingi:
Na bibi ninayemlea. Nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Alizaliwa 1932, anasahau sana siku hizi, lakini siku aliyonipa alikuwa na akili zake timamu. Ujanani alikuwa karani humo humo Metropolitan. Albamu ilikuwa ya babu yake aliyefariki 1921. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayemsikiliza. Binti yake yuko Duluth, haji, na sidhani kama anajua kuna albamu. Sijaiba. Na malipo ya awali nimeshapokea, kwa hiyo ninachouliza ni bei tu.

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu, bei iache kwanza. Mimi nimefanya kazi hiyo hiyo nje. Kampuni nyingi za utunzaji zinakataza mfanyakazi kupokea zawadi ya thamani kutoka kwa anayemhudumia, na jimbo lenu la Minnesota lina sheria ya jinai dhidi ya kujinufaisha na mali ya mtu mzima asiyejiweza. Mwenye maradhi ya kusahau leo anakupa, kesho analia ameibiwa, na nyakati zote mbili anasema kweli kama anavyoiona.

Njia_Nyembamba:
Huyo Foshay wa kwenye kadi alijenga mnara kwa mfano wa Mnara wa Washington, akaufungua Agosti 1929 kwa bendi ya Sousa. Mwaka haujaisha, kampuni yake imefilisika, na baadaye akafungwa kwa udanganyifu kupitia posta. Dada, kipato cha namna hii hakimsomeshi mtoto.

Kiroboto77:
Hii ni chai. Babu kafariki 1921, albamu yake ina mnara uliofunguliwa 1929. Nani aliiweka? Tunapotezeana muda.

Bwana_Shamba:
Eeh! Hapo sikuwa nimepaona.

Theluji_Nyingi:
Kiroboto, mimi siko hapa kutunga. Babu alianza, akafariki, mama yake bibi akaendeleza. Kadi ya Foshay ninayo mkononi: ina vimistari, namba inaanza na 8A. Mama mtu alimtumia binti yake akiwa kwa shangazi, anamwambia tutapanda juu pamoja ukirudi. Jina la bibi liko kwenye anwani.

Mwalimu_wa_Stempu:
8A ni 1938. Bibi alikuwa na miaka sita. Kwangu mimi hadithi imesimama, Kiroboto. Lakini dada, hiyo unayoisoma ni barua ya mama kwenda kwa mwanawe. Mnunuzi ataichomoa na kuiuza peke yake, na majina yatatawanyika. Familia ikiridhia, wapo wanaopokea vitu hivi na kuviweka pamoja: Maktaba ya Kaunti ya Hennepin, au Minnesota Historical Society pale St. Paul. Zipige picha mbele na nyuma kabla hazijatoka popote.

Kiroboto77:
Kwa 8A nimekubali. Sasa mrudishie huyo mnunuzi hela yake.

Theluji_Nyingi:
Hela imeshakwenda shule. Nitamlipa mwezi ujao. Ila ile ya Metropolitan kwa ndani, bibi alinionyesha kwa kidole meza yake ilikuwa roshani ipi, akaniambia hii ni yako. Hiyo siirudishi.

Nesi_Mstaafu:
Mweleze binti maneno hayo hayo, yeye ndiye aseme ibaki kwako. Na msimamizi wako asikie kutoka kwako kabla hajasikia kwa mwingine. Binti umempigia?

Theluji_Nyingi:
Bado. Mnunuzi anakuja Jumamosi.

Nesi_Mstaafu:
Basi mpigie usiku huu. Duluth ni jimbo hilo hilo, saa zenu zinalingana, hajalala.