Natafuta babu mzungu wa Ayalandi, jina lake kila mtu analo, nifanyeje?

binti_wa_tororo:
Habari zenu wakubwa, nimekwama hapa naomba mwenye ujuzi anisaidie. Marehemu baba alizaliwa Tororo 1931, mama yake Mjapadhola wa hapa hapa, baba yake mzungu wa Ayalandi aliyekuwa anafanya kazi ya reli kipindi kile njia inasukumwa kwenda Kampala, watu walikuwa wanamwita Bwana Jeri. Akaondoka baba bado anatambaa. Barua ilikuja moja tu, bibi akaiweka kwenye kopo la biskuti miaka yote hadi mchwa wakaingia, na mchwa bana hawana adabu, wamekula palepale juu kwenye anwani, kilichobaki ni "...een, Kenmare, Co. Kerry", yaani mji wa Kenmare, mkoa wa Kerry. Ndani anasema Nora dada yake amejifungua, Con ndugu yao ameuza ng'ombe wawili kulipa deni la duka, mvua haikatiki. Basi. Ameweka sahihi Jerry.
Kwenye cheti cha ubatizo cha baba padri aliandika baba ni Jeremiah Sullivan. Sasa nikitafuta hilo jina mtandaoni wanakuja kama nzige, yaani Kerry nzima ni Jeremiah Sullivan. Halafu kuna mtu kaniambia ati makaratasi ya Ayalandi yaliungua yote enzi za vita. Kama ni kweli niambieni niache, bando ni ghali.

Okello_reli:
Dada sema ukweli, unatafuta babu au unatafuta pasipoti 😂

binti_wa_tororo:
@Okello_reli vyote viwili kama Mungu akipenda 😂 lakini babu kwanza

mzee_wa_mafaili:
Mwanangu usiache. Hilo la moto ni kweli nusu. Tarehe 30 Juni 1922, kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka la Four Courts pale Dublin lililipuka na kuungua, zikaenda sensa za 1821 mpaka 1851 karibu zote na vitabu vingi vya kanisa la Anglikana. Sensa za 1861 hadi 1891 usiulaumu moto, hizo serikali yenyewe iliziharibu kabla, nyingine wakati wa vita vya kwanza vya dunia zikasagwa zikawa karatasi upya. Lakini wewe babu yako alikuwa mtu mzima 1931, kwa hiyo tuseme alizaliwa kati ya 1885 na 1908 hivi, na hapo una bahati kubwa kwa sababu sensa ya 1901 na ya 1911 zipo nzima, ziko mtandaoni kwenye tovuti ya nyaraka zao za taifa, bure, unafungua fomu yenyewe unaona mwandiko wa mwenye nyumba. Vizazi, ndoa na vifo vya watu wote vinaandikishwa tangu 1864, na picha za madaftari ziko bure pia, ingia irishgenealogy.ie. Vitabu vya kanisa Katoliki havikuwa pale Four Courts, vilikaa parokiani kwao, vikapona.

Sasa kosa mnalofanya wengi ni kumkimbiza mtu mmoja kwa jina lake. Jeremiah Sullivan peke yake hutampata hata ukikesha. Tafuta NYUMBA. Barua imekupa watoto watatu, Jerry, Nora na Con. Kwenye makaratasi Jerry ataandikwa Jeremiah, wengine huko waliandika Darby, ni jina moja. Con ni Cornelius. Nora mara nyingi ni Honora au Hanora au Norah, na Sullivan mara ina O' mbele mara haina, ndugu wawili tumbo moja wanaweza kuandikwa tofauti, usishangae. Kwa hiyo fungua sensa ya 1911, chagua Kerry, pita eneo la Kenmare nyumba kwa nyumba, tafuta penye watoto wote watatu. Kama yeye alikuwa tayari amehama, tafuta Con na Nora, kisha rudi 1901 uone kama yumo.

Na huo mkia wa "een" usiudharau. Kule ardhi imegawanywa vipande vidogo wanaviita townland, nchi nzima vinapita 60,000, na ndiyo anwani ya mtu wa shamba, kama sisi tunavyosema kijiji. Kuna Derreen kule parokia ya Tuosist upande wa Kenmare, lakini majina ya kuishia hivyo ni mengi, kwa hiyo orodhesha yote ya wilaya ya Kenmare, bandika ukutani, halafu ukipata nyumba ya akina Con angalia kama kipande chake kimo kwenye orodha.

Nakato_J:
Naongezea kwa mzee. Ukishapata nyumba mbili tatu zinazofanana (na utapata, Sullivan kule wamejaa hadi koo zinapeana majina ya utani za kujitofautisha) usichague ile unayoipenda. Chukua cheti cha kuzaliwa cha kila Jeremiah uone jina la mama kabla hajaolewa, hilo ndilo linalotenganisha. Pia fomu ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa wamekaa kwenye ndoa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, yaani ukiona mama amesema wanane na kwenye fomu wako watano ujue kuna watatu wamekufa au wameshatoka nyumbani, mmoja anaweza kuwa wako.
Umri usiuamini sana. Wazee wengi 1901 wana 58, kufika 1911 wana 72, kwa sababu pensheni ya wazee ilianza kulipwa 1909 kwa wenye miaka 70, kila mtu akakumbuka ghafla kwamba ni mzee 😂. Na tarehe za kuzaliwa pia, mtu akichelewa kuandikisha mtoto alikuwa anapigwa faini, basi anasogeza tarehe mbele, unakuta mtoto amebatizwa kabla hajazaliwa.

afande_mstaafu_Jinja:
Kwani mbona mnarukia Ayalandi moja kwa moja? Anzeni hapa. Mtu wa reli alikuwa na faili, na reli ile ilikuwa moja na ya Kenya, kwa hiyo Nairobi pia kuna cha kuangalia. Wazungu wa serikali walikuwa wanatangazwa kwenye gazeti rasmi la Protectorate, yaani serikali ya kikoloni ya Uganda, nani ameajiriwa, nani kaenda likizo. Kisha meli. Orodha za abiria walioshuka bandari za Uingereza 1878 mpaka 1960 zipo, wanaandika jina, umri, kazi na anwani anakokwenda, na baada ya 1922 kuna safu ya kuonyesha kama makazi yake ni Irish Free State, yaani ile Ayalandi iliyojitenga na Uingereza. Tafuta meli zilizotoka Mombasa miaka ya 1931 hadi 1933. Ukimpata Sullivan fundi wa reli anayekwenda Kenmare mchwa wako wamelipwa.
Na huko kanisani dada, usiridhike na cheti. Cheti ni nakala fupi. Omba paroko akuonyeshe daftari lenyewe, kuna pembeni mapadri walikuwa wanaandika mambo ambayo hayaingii kwenye cheti, na msimamizi wa ubatizo pia mwangalie ni nani, kama ni mzungu mwenzake huyo naye ni njia.

binti_wa_tororo:
Asanteni sana jamani, afande webale. Daftari sikuwa nimeliwaza, cheti nilichukulia ofisini kwa karani akanipa dirishani tu. Nitaenda. Mzee, 1911 nimeshaanza, hapa Kenmare pekee nimeona nyumba zaidi ya moja zenye Jeremiah na Cornelius, yenye Hanora pia ni moja lakini Jeremiah wake ana miaka 3. Hiyo inawezekana? Na pasipoti je, Okello asicheke peke yake.

mzee_wa_mafaili:
Miaka 3 mwaka 1911 maana yake 1931 alikuwa na 23, kwa reli inawezekana, wengine walikuja vijana kabisa. Lakini usimshike bado. Nora wa kwenye barua alikuwa anazaa, kwa hiyo tafuta ndoa ya Hanora huyo kwenye miaka ya 1920 na 1930, cheti cha ndoa kina jina la baba na kipande cha ardhi alikotoka, kama kinaishia "een" hapo njoo tuongee. Kuna na sensa ya 1926, ilipigwa 18 Aprili na ilifungwa kwa umma miaka 100, kwa hiyo mwaka wake wa kufunguliwa ni 2026. Humo utawaona Con na wazazi wakiwa bado shambani.

Kuhusu uraia, mjukuu wa mtu aliyezaliwa Ayalandi anaweza kuomba kuandikishwa kwenye daftari lao la waliozaliwa nje, kitukuu ni shida isipokuwa mzazi aliandikishwa kabla yeye hajazaliwa. Wewe ni mjukuu. Ila watataka vyeti vya ngazi zote, na kama wazee hawakuoana kisheria uthibitisho kwamba ndiye baba ndio utakuwa mlima.

Nakato_J:
Hapo ndipo DNA inaingia. Ukimpata mjukuu wa Con au wa Nora, huyo ni binamu yako wa pili, kwa kawaida mnashiriki kama asilimia 3, inaonekana vizuri. Kama una kaka, apime ile ya mstari wa baba pia, maana inatoka kwa Jerry kwenda kwa baba yenu kwenda kwake. Lakini ukiwaandikia watu wa Kenmare nenda polepole. Usianze na "babu yenu alizaa Uganda". Anza na Con na wale ng'ombe wawili, waambie una barua.

Okello_reli:
Na piga picha hiyo barua leo leo kabla mchwa hawajafika kwenye sahihi

binti_wa_tororo:
😂😂 nimeshapiga, pande zote mbili. Jumatatu naenda parokiani, nikitoka nitaweka hapa kilichoandikwa pembeni.