Mawakala wa safari Mtwara na Lindi, mnawaumiza watu na tiketi za The Peak, ule mlima wa Hong Kong!

Wakuu, hili limezidi. Korosho zikishauzwa, wafanyabiashara wetu wakianza kupanga safari za Guangzhou kufuata mzigo, wanabandikiwa na "ziara ya Hong Kong": The Peak saa 11 jioni, tiketi ya treni kwenda na kurudi, pamoja na Sky Terrace 428, roshani ya kutazamia mji kule juu. Anayepanga hivi ama hajui ile treni inavyofanya kazi, ama anajua na hajali.

Peak Tram, ndiyo treni yenyewe ya kupandia mlima, si daladala, kwamba abiria wakijaa inaletwa nyingine. Ziko mbili tu, zinavutwa kwa nyaya za chuma na mtambo ulio juu. Moja ikipanda, nyingine inashuka. Reli ni moja, inatanuka katikati ili zipishane. Ya chini haitoki mpaka ya juu nayo iwe tayari! Mabehewa mapya ya 2022 yanabeba watu 210, ya zamani yalibeba 120, lakini utaratibu ni uleule. Ukikuta watu elfu moja mbele yako, hizo ni safari tano, na hakuna wa kuziharakisha. Desemba jua la kule linazama kabla ya saa 12 jioni. Sasa mtu wa saa 11 ataona machweo gani, akiwa bado foleni kule Garden Road, kituo cha chini?

Mpelekeni saa 8 mchana. Akae upande wa kulia wakati wa kupanda, ndiko mji unakoonekana, na kwenye mwinuko wa nyuzi 25 na ushee maghorofa yanaonekana yamelala. Usiku, foleni ya kushuka ikifurika, achukue basi namba 15 hadi Central, katikati ya mji.

Hiyo Sky Terrace ndiyo inaniudhi zaidi. Kituo cha juu kiko kama mita 396 kutoka usawa wa bahari, roshani iko mita 428. Mnamlipisha mtu mita thelathini na kitu! Lions Pavilion, kibanda cha kutazamia mji, iko hapohapo, bure. Barabara ya Lugard, ya kutembea kwa miguu kuzunguka mlima, nayo bure, haina mlima wa kumchosha mtu mzima, na bandari yote inaonekana. Machi na Aprili ukungu ukitanda, hata huko kwenye roshani haoni kitu.

Tiketi ya kupanda tu ipo, na ya treni bila roshani ipo. Tenganisheni bei kwenye risiti, mteja achague mwenyewe.